Mwalimu Aliyetufundisha Kusema Hakuna

Mwalimu wa hesabu aliyepanga nyuma ya duka, jirani yangu kwa miaka mingi hapa Kasulu, hakuwa mtu wa kukalia kigoda kabla hajakitikisa. Ukimkaribisha ndani, anakishika kigoda kwa mkono mmoja, anakisukuma huku na huku, anainama kutazama miguu yake, ndipo anakaa. Mara ya kwanza nilikasirika. Nikamwambia, "Mwalimu, hapa kwangu hajaanguka mtu."

"Sijasema nitaanguka, Bibi Skola," akasema. "Nimeuliza tu."

Basi nikamwacha. Mtu anayeuliza kigoda huwezi kugombana naye, utachoka wewe.

Alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo wake upi, hayo sitayaandika. Sikumuuliza, naye hakuwa mtu wa kujieleza. Kiha chetu alikiongea kwa kukivunjavunja, watoto wakamcheka, naye akacheka nao. Naandika nilichokiona kwa macho yangu na nilichokisikia kwa masikio yangu, maana baraza yake na uwanja wangu vilitenganishwa na ua wa minyaa tu, na ua wenyewe ulikuwa umetoboka kwa kuku wa pande zote mbili.

Na namwandika kwa sababu ya Skola. Skola ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu anayelima Kumsenga, upande wa Kibondo. Alikuja kukaa kwangu alipoanza sekondari. Wasichana wengine ukiwauliza wanataka kuwa nani, wanakwambia nesi, wanakwambia mwalimu. Huyu alitaka kupima ardhi. Ilianza siku walipokuja wapimaji kuweka mawe ya mipaka mtaani kwetu. Miongoni mwao alikuwemo msichana, amevaa buti, anachungulia kwenye chombo chenye miguu mitatu, na wanaume wazima wanasogea kushoto na kulia kwa kufuata mkono wake. Skola alisimama pale mpaka ndoo ya maji ikamkaukia kichwani.

"Bibi," akaniambia jioni, "mimi ni yule."

"Wewe ni huyu," nikamwambia, "na huyu hajaosha sufuria."

Lakini nililiweka moyoni. Nikauliza watu wanaojua. Wakaniambia chuo cha upimaji kipo, na wasichana wanachukuliwa, ila hakimpokei mtu aliyeanguka hesabu. Na Skola hesabu alikuwa anaanguka. Kiswahili alipata, jiografia alipata, hata kemia ilimkubali. Hesabu ilimkataa toka kidato cha kwanza. Kwa hiyo kila ninachosimulia hapa kuhusu Mwalimu, jueni kwamba mimi nilikuwa namtazama kwa jicho hilo moja: mtu huyu atamvusha mtoto wangu au hatamvusha.

Mwalimu alikuwa mrefu, mwembamba, shingo imetangulia mbele kama anayepita kwenye mlango mfupi. Mkono wa kulia wa shati lake ulikuwa mweupe kwa chaki, wa kushoto safi. Alitembea na chaki mfukoni hata sokoni. Mwenye nyumba wake, mzee wa Kiislamu mwenye duka la sukari, chumvi na mafuta ya taa, alikuwa akimtania kila akipita.

"Mwalimu, mimi nauza vitu vinavyoonekana. Wewe hiyo x unaiuza kilo ngapi?"

"Naitafuta, mzee. Nikiipata nitakuletea uipime kwenye mizani yako."

"Umeitafuta toka umehamia hapa. Huoni imekukimbia?"

"Wengine wanaipata mbili mbili," Mwalimu akasema, na mzee akabaki anatikisa kichwa, hajaelewa, lakini amefurahi.

Jumamosi asubuhi aliwafundisha watoto barazani kwake, bila kuulizwa na mtu. Ubao ulikuwa kipande cha mbao nyembamba alichokipaka masizi na majani ya muhogo yaliyosagwa. Mimi nilikaa upande wangu wa minyaa nikichambua maharage, na nisiseme uongo, nilichambua Jumamosi hata maharage yaliyokwisha kuchambuliwa Ijumaa. Nimesoma mpaka darasa la nne. Kutoa na kuzidisha najua. Herufi ndani ya hesabu sikuwahi kufundishwa, na nilitaka kujua ni kitu gani kinachomtoa Skola machozi.

Nilichokielewa ni hiki. Kuna hesabu ambazo ndani yake kuna x iliyojizidisha yenyewe. Zina namba ya mbele, namba ya kati na namba ya nyuma. Wewe unatakiwa useme hiyo x ni ngapi. Sasa watoto wote wakipewa hesabu hiyo wanaruka kuitafuta x, kalamu mbio mbio. Mwalimu alikuwa anawazuia. Alikuwa anasema, "Weka kalamu chini. Kwanza nipe kipimo."

Shuleni kipimo hicho kina jina refu, diskriminanti. Skola alilitamka jina hilo kama anayetafuna mfupa wa samaki. Lakini kazi yake si ndefu. Unachukua namba ya kati, unaizidisha yenyewe. Halafu unatoa nne mara namba ya mbele mara namba ya nyuma. Unatazama kinachobaki. Kikibaki kitu juu ya sifuri, hesabu ina majibu mawili. Ikibaki sifuri yenyewe, ina jibu moja. Ikibaki chini ya sifuri, umeshakuwa na deni kabla hujaanza, basi hakuna. Namba za kawaida zote duniani, hakuna hata moja itakayofaa.

Mwalimu aliwataka waseme kwa sauti, mmoja mmoja, wamesimama, kabla ya kugusa kitu kingine. "Mawili." "Moja." "Hakuna." Ukianza kukokotoa kabla ya kusema, hata ukipata jibu zuri anakuandikia kosa. Mzazi mmoja alikuja kulalamika. Mtoto wake amepata jibu sahihi na amepigiwa mkasi. Mwalimu akamwambia, "Mama, wewe mbegu ya maharage ya mwaka jana unaimwaga shambani hivi hivi?"

Yule mama akasema hapana, anaweka chache kwenye kitambaa kibichi kwanza, aone kama zinaota.

"Na zisipoota?"

"Simwagi. Natafuta nyingine."

"Basi mwanao amemwaga."

Yule mama akaondoka ananung'unika, lakini sikumwona tena kuja kulalamika. Mimi nyuma ya minyaa nilifikiri, kumbe ndicho hicho. Kumbe ni kitambaa kibichi.

Tena hakuwa mtu mkamilifu, nisimpake mafuta. Mambo ya ubaoni aliyapima, mambo yake mwenyewe alijirusha tu. Alijenga banda la kuku, akakaa chini na kalamu akajumlisha mayai ya mwaka mzima, akaniambia mimi na mzee wa duka kwamba tujiandae kununua mayai kwake. Nyuma ya banda aliacha uwazi ninaoweza kupitisha kichwa. Nguchiro hakuhitaji kukokotoa. Nikamuuliza, "Mwalimu, banda hukulitikisa?" Akanitazama, akaenda kuziba uwazi na kuku hakuna hata mmoja.

Baiskeli aliinunua imepinda, akaiendesha imepinda, hata mwili wake ukawa unaegemea kushoto akitembea kwa miguu. Kanisani alisinzia kuanzia somo la kwanza mpaka sadaka, halafu kwaya ikianza anaamka anaimba besi kwa nguvu kama ndiye aliyelinda usiku kucha. Na alikuwa mgomvi wa mambo madogo. Nikianika maharage yangu yakazidi kidogo upande wake, anayasogeza kwa ufagio, taratibu, punje kwa punje, hadi mpakani. Nami nayarudisha akienda shuleni. Tuliishi hivyo miaka, na sioni kama yupo aliyeumia.

Sasa niseme jambo lenyewe.

Sisi huku tumelelewa kwamba mgeni haambiwi hakuna. Mama yangu alinichapa kwa neno hilo. Mgeni akija na nyumbani hakuna chumvi, humwambii hakuna chumvi. Unamwambia karibu, kaa, unamtuma mtoto apite mlango wa nyuma aende kwa jirani. Jirani asipokuwa nayo, naye anamtuma wa kwake. Chumvi itazunguka mtaa mzima, lakini mgeni atakula na chumvi. Hata mtu akikuuliza njia ambayo huijui, huwezi kumwambia sijui; unamnyooshea mkono upande fulani kwa heshima.

Mwalimu alilijua jambo hili kwa kupitia kwangu. Alikuja asubuhi moja kuomba kaa la moto. Langu lilikuwa limezimika. Nikamwambia, "Karibu, Mwalimu, kaa kidogo." Akatikisa kigoda, akakaa. Nikamkonyeza Skola, Skola akatoka na kigae nyuma. Jirani wa kwanza hana moto, wa pili amekwenda shamba. Mwalimu akakaa. Nikampa ndizi. Nikamuuliza habari za shule, za kanisa, za baiskeli. Skola alirudi na kaa ametoka nalo kule bondeni kwa mafundi matofali, anahema, jasho linamtiririka, na kengele ya shule ilikuwa imelia zamani.

Mwalimu akalitazama lile kaa. Akanitazama. "Bibi Skola," akasema, "hukuwa na moto."

"Si huu hapa?"

"Ulipaswa kuniambia hakuna. Mzee wa duka ana kiberiti hatua mbili kutoka kwangu."

"Hayo maneno hayasemwi kwa mgeni."

Mwalimu alikaa amekishika kile kigae, anamtazama Skola, mpaka nikadhani vidole vitamwungua. Kisha akamuuliza mtoto, polepole, "Skola, kwenye mtihani wa juzi, lile swali la tatu. Ulipata ngapi?"

"Moja na hasi tatu, Mwalimu."

"Njoo barazani baada ya shule."

Nilisikiliza, bila shaka. Swali lilikuwa x mraba, jumlisha x mbili, jumlisha tano, sawa na sifuri. Akamwambia afanye kipimo kwa sauti. Skola akasema, mbili mara mbili, nne. Nne mara moja mara tano, ishirini. Nne toa ishirini, kumi na sita.

"Ngapi?"

"Kumi na sita."

"Ukiwa na maembe manne nikataka ishirini, utabaki na kumi na sita?"

Hata mimi nilijua ni hasi.

"Ile alama ya kutoa ulikuwa unaijua," Mwalimu akasema. "Nimeona kwenye karatasi yako, uliiandika ukaifuta. Kwa nini uliifuta?"

"Kwa sababu ikibaki, hesabu haiendelei, Mwalimu. Haitoi jibu."

"Na ulitaka nini?"

"Nilitaka itoe."

Akamwambia basi achukue jibu lake, ile moja, alirudishe mahali pa x alione. Moja mraba ni moja, jumlisha mbili, jumlisha tano, ni nane. Akamwambia achukue na lile la hasi tatu. Tisa, toa sita, jumlisha tano. Nane tena. Na swali lilitaka sifuri. Skola akaanza kulia, akasema yeye ni mjinga. Mwalimu akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Wewe si mjinga. Umemtafutia mgeni moto."

Baadaye alinieleza kwamba alikwenda shuleni akatoa karatasi za darasa zima, na wengi walikuwa wamefuta alama ile ile, pale pale. Miaka yote alikuwa anawaandikia uzembe. "Si uzembe," akaniambia, na alikuwa amefurahi kama mtu aliyeokota kitu. "Ni adabu. Mmewalea vizuri mno, Bibi Skola."

"Sasa niwalee vibaya?"

"Hapana. Nataka tu wajue kwamba swali si mgeni."

Jumamosi iliyofuata akaja kuniomba shamba langu dogo la nyuma, lililokuwa limelimwa halijapandwa. Alikuwa na kamba ya katani amepima mita arobaini, ameifunga ncha kwa ncha, na vigingi vinne vya miti. Akawaambia wasichana wa barazani kwake, "Hii kamba nizungushieni bustani ya pembe nne, kona zimenyooka. Ndani nataka mita za mraba tisini na sita." Wakavuta, wakapima, wakapata kumi na mbili kwa nane. "Geuzeni." Wakageuza, nane kwa kumi na mbili. "Majibu mangapi?" Wakasema mawili. "Nataka mia moja." Wakasogeza vigingi, wakapata kumi kwa kumi, ukigeuza ni ile ile. Wakasema moja.

"Sasa nataka mia moja na ishirini."

Akaja kukaa karibu nami.

Wasichana wakavuta. Wakairefusha bustani, ikawa nyembamba kama kitanda cha mgonjwa, wakapata pungufu. Wakairudisha. Wakajaribu kumi na moja kwa tisa. Wakabishana, wakasukumana, wakanikanyagia matuta yangu yote. Jua likapanda. Hakuna aliyesema haiwezekani. Mara nikamwona Skola anapenya ua wa minyaa, anakimbia. Akarudi na kipande cha kamba ya mbuzi wa mzee wa duka, na mbuzi mwenyewe anamfuata nyuma amefunguliwa. Wakafungua fundo, wakaunga ile kamba, wakavuta, wakapima. Wakapiga makofi. "Mwalimu, mia na ishirini hii hapa."

Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimemwona akicheka namna hiyo. "Nani amewaambia muazime?"

"Ilikuwa haitoshi, Mwalimu."

"Semeni tena hilo neno."

"Haitoshi."

"Mngelisema asubuhi, mngekuwa mmeshakunywa uji. Kaeni chini, fanyeni kipimo."

Wakakaa kwenye udongo wangu wakaandika. Namba ya kati ni nusu ya kamba: ishirini mara ishirini, mia nne. Nne mara moja mara mia na ishirini, mia nne na themanini. Mia nne toa mia nne na themanini. Nikamwona Skola ameshika kijiti, amefika pale. Akasita. Akaniangalia mimi, si Mwalimu. Mimi ndiye niliyemfundisha neno hilo halisemwi. Nikamwambia, "Sema mtoto, hakuna mgeni hapa."

Akaandika alama ya kutoa, kubwa, akasema, "Hakuna."

Mbuzi alikuwa amekula nusu ya majani yangu ya maboga. Hilo nalo nimelitaja kwa sababu mpaka leo sijafidiwa.

Mtu atasema basi, mtoto alielewa, akafaulu. Haikuwa hivyo. Kuelewa kamba ni kitu kimoja, karatasi ni kingine. Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ulipokuja, Skola alipata F. Alama ya kutoa hakuifuta tena, ila sasa aliogopa kila swali, alikaa kwenye kipimo akikirudia na kukirudia, muda ukaisha na karatasi haijafika nusu. Nikasema inatosha. Kumsenga mama yake yuko peke yake na mashamba ya mihogo na watoto wadogo, na binti mkubwa amekaa Kasulu anasoma kitu kinachomkataa. Nilikwisha kumwambia afunge nguo zake. Hakubisha. Alizikunja vizuri, akaziweka mlangoni, na ule ukimya wake haukunipendeza.

Mwalimu akaja bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasimama mlangoni pa jiko. Kigoda hakukigusa.

"Nimesikia Skola anaondoka."

"Umesikia vizuri."

"Niachie mpaka mtihani wa mwisho."

"Nikuachie ili iweje, Mwalimu? Wewe mwenyewe unafundisha watu wasikimbize kisichokuwepo. Mimi nimemtazama mtoto huyu, nimeona hakuna. Nasema hakuna. Si ndicho ulichotaka tuseme?"

Maharage yalikuwa yanachemka, nikayakoroga.

"Hapa lipo," akasema. "Nimempima. Jibu lipo."

"Umempima?"

"Nimempima, Bibi Skola."

Sasa mtu ambaye hawezi kukalia kigoda bila kukitikisa akikwambia amepima, utafanya nini? Nikamwambia Skola afungue nguo. Toka siku hiyo wakakaa barazani kila jioni mpaka giza linaingia, Mwalimu ameshika saa yake ya mkono, Skola anaandika. Kipimo mara moja, sema, endelea. Usirudi nyuma. Akirudi nyuma, Mwalimu anagonga ubao kwa chaki. Sikuchambua maharage tena siku hizo. Nilikaa ndani, maana kusikiliza kulikuwa kunanichosha roho.

Kitu kimoja kiliniudhi. Jioni moja nilimsikia anamwambia Skola kwamba huko juu, ukienda vyuo vikubwa, kuna namba nyingine ambazo zinajibu hata zile hesabu zenye hakuna. Nikatoka nikamwambia juu ya minyaa, "Mwalimu, basi ziko au haziko?"

"Kidato cha nne haziko."

"Huo ni ujanja."

"Ni daraja, Bibi Skola."

Na yeye mwenyewe, pamoja na mafundisho yake yote, neno hakuna hakuweza kulitamka. Mtoto yeyote akija barazani, wa shule yoyote, akitaka kufundishwa, anaambiwa ingia. Walikuja wa Kagerankanda kwa miguu, walikuja wa Muyama, waliolala kwa ndugu zao mjini ili waamkie kwake. Baraza ikajaa, wakakaa mpaka upande wangu. Mzee wa duka akamwambia, "Waambie nafasi hakuna." Mwalimu akasema atawaambia Jumamosi ijayo. Jumamosi ijayo akaazima benchi kanisani.

Skola akafanya mtihani, akaenda Kumsenga kwa mama yake kusubiri. Mwezi ule ule Mwalimu akastaafu. Alikuwa amepata kiwanja pembeni ya mji wa Kibondo, akafunga vyombo vyake kwenye lori la mihogo, na baiskeli juu. Aliniachia ubao. Ndio ninaoanikia dagaa.

Matokeo yalitoka. Namba ya simu ya Mwalimu ilikuwa haipatikani, naye hakupiga. Nilipokwenda kumwona binti yangu wakati wa kuvuna, nilishuka Kibondo nikiwa na maharage kwenye kikapu, nikauliza nyumba ya mwalimu mstaafu wa hesabu, nikaonyeshwa.

Nilimkuta anavuna mahindi. Alikuwa amenenepa. Shati safi mikono yote miwili.

"Mwakeye, Mwalimu."

"Mwakeye, Bibi Skola," akasema, kwa Kiha chake kile kile. Akajifuta mikono, akaleta kigoda, akakitikisa kabla ya kunipa. Mkewe, ambaye miaka yote ya Kasulu waliishi mbalimbali na sasa wanakaa pamoja, akaleta maji na kwenda kusonga ugali. Tukaulizana mvua. Tukaulizana habari za mzee wa duka na mbuzi wake. Akaniuliza bei ya mbegu Kasulu. Aliniuliza kila kitu kilichopo Kasulu, ila kimoja.

Mwishowe nikamwambia, "Matokeo yametoka siku nyingi."

"Najua."

"Hukutazama?"

"Watu walitaka kunitazamia kwenye simu. Nikawaambia waache." Aling'oa jani la muhindi likararuka mkononi. "Nasikiliza."

Nikanywa maji yangu kwanza. Mimi ni mtu mzima, nimetoka mbali.

"Hesabu amepata C," nikasema. "Chuo cha upimaji kimemchukua. Anaondoka baada ya mavuno. Anasema kulikuwa na swali moja ambalo halikuwa na jibu. Akapima mara moja, akaandika halina, akaenda linalofuata."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Kisha Mwalimu akacheka kidogo, chini chini, akatikisa kichwa.

"C," akasema. "Mimi nilikuwa naomba D."

"Uliniambia umempima."

"Nilikwambia hivyo."

"Ukaniambia jibu lipo."

"Bibi Skola," akasema, "sikuwa nimempima. Mtoto hapimiki kwa kitu ninachokijua mimi. Nilitoka shuleni nikakimbia mpaka jikoni kwako, sikujua lolote."

Nilimtazama mtu huyu. Nilifikiria jioni zile zote, mihogo ya Kumsenga iliyokosa mikono, zile nguo zilizokunjwa mlangoni.

"Ningejua hujui," nikamwambia, "ningempandisha gari siku ile ile."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Mkewe akacheka ndani. Ugali ukaja, na migebuka kwa mawese, nikala mpaka nikashiba, nikiwa bado nimemnunia. Aliponisindikiza barabarani alinibebea kikapu, akaniuliza kama Skola ana buti. Nikamwambia hana bado. Akaniuliza anavaa namba ngapi, nikamtajia, akairudia mdomoni huku akitembea, asije akaisahau.